Daktari Aliyetajwa na Wote

Haya, nitawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Zuhura, maana yeye akiisimulia huongeza chumvi, na wallahi haina haja, aibu yenyewe yatosha.

Zama za vita nilikuwa karani wa hospitali, na daktari wetu Mzungu alikuwa akiandika makala juu ya watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, basi akanipa sanduku la majarida ya kidaktari niandike kwenye kadi nani amemtaja nani. Kazi ya kuandika majina tu, kusoma hakuniambia (na mimi sikujisumbua). Nikaona jina la daktari mmoja wa zamani latajwa jarida baada ya jarida, mpaka kadi zake zikajaa kibweta. Sasa mimi ni mtoto wa chuo cha dini mtaani kwetu Kuze, nimefundishwa kwamba habari ikipokewa na wapokezi wengi ina nguvu, nikakata shauri kwamba huyu ndiye imamu wao.

Ningenyamaza ningesalimika. Lakini Zuhura, binti wa shangazi yangu, alikuwa na mwanawe wa miezi minne, Athmani, mguu wa kulia umepinda, na kila Jumatatu humbeba kutoka Kuze mpaka hospitali daktari aunyooshe unyayo kidogo kidogo na kumtia plasta mpya, na alikuwa amechoka, mtoto halali, kisha na jua lote lile. Nikajitia ujuzi. Nikamwambia yuko bingwa anayetajwa na wote, na njia yake ni kuunyoosha mguu kwa nguvu, kwa chuma, siku moja tu mambo yamekwisha. (Hicho chuma nilikiona kwenye picha.)

Jumatatu iliyofuata, benchi limejaa akina mama, Zuhura akaikataa plasta. Akataka chuma. Alipoulizwa nani kamwambia, akaninyooshea kidole, nami, msiniulize kwa nini, nikaona fahari, nikaenda kuleta kibweta changu.

Daktari hakukasirika. Akafungua majarida kwenye kurasa nilizozinukuu mwenyewe kwenye kadi, akanambia niwasomee akina mama kwa Kiswahili kila aliyemtaja bingwa wangu asema nini juu yake. Wa kwanza asema waliofuata njia ya bwana huyo waliwavunja watoto mifupa. Wa pili aonya njia hiyo iachwe kabisa. Kufika wa tatu nikalifunga jarida, maana alikuwa akieleza miguu iliyokakamaa isikunjike tena.

"Endelea, kaka," akasema Zuhura, amemkumbatia Athmani kifuani. "Nataka kusikia ulilotaka kumfanyia mwanangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Akanipa mtoto nimshike wakati daktari akimtia plasta, siku ile na kila Jumatatu baada yake, na kila aliponikojolea kanzu nilikwenda kuifua, nikijua nastahili.

Athmani alitembea, alhamdulillahi, unyayo wote chini. Nami niliapa sitamsifu mtu kwa kutajwa sana mpaka nijue anatajwa kwa lipi, maana tangu siku ile hakuna mama wa Kuze mwenye mtoto wa mguu uliopinda asiyenitaja. Hunitaja kwa jina langu na la baba yangu, na wote wanamwonya mwenzao.