Mwalimu Aliyeipoza Kompyuta ya Gatina

Habari za misiba siku hizi hunikuta nikiwa katikati ya mambo madogo. Hii ilinikuta kibandani, nikimsubiri mama mboga anikatie sukuma wiki. Aliyenipigia simu ni mwanamke aliyefundishwa na marehemu zamani, ambaye sasa ni karani katika ofisi ya bima mjini. Alisema yule Mwalimu wetu wa Kawangware ametutoka, kwamba aliugua kwa muda huko kwao Kitui, na kwamba walikuwa wameshamzika. "Nilidhani unajua," akaniambia. Sikujua. Nikabeba mboga zangu, nikarudi nyumbani, nikakaa kitini bila kuvua viatu. Nimefika umri ambao mtu hashtuki tena kwa habari kama hizi, anachoka tu. Kwa hiyo, msomaji wangu, uniwie radhi kama leo sitaandika juu ya wanasiasa. Sina nguvu nao.

Katika miaka ya tisini, mimi na Mwalimu tulikuwa wapangaji wa ploti moja pale Gatina, Kawangware. Mimi nilikaa chumba cha nyuma, yeye alikuwa na viwili: kimoja cha kulala, na kingine kilichotazama barabara, ambamo alifundisha taipu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na hakupenda mzaha saa za kazi. Asubuhi ungesikia taipureta zake zikigonga kwa pamoja kama mvua ya mawe juu ya mabati. Wasichana wengi walipata kazi kwa vidole alivyovinoa yeye. Kisha maofisi yakaanza kubadilika. Siku moja mmoja wa wanafunzi wake alirudi kutoka kwenye usaili akiwa analia. Walikuwa wamemkalisha mbele ya kompyuta wakamwambia aandike barua, naye, alipofika mwisho wa mstari, akanyoosha mkono kutafuta ule wenzo wa taipureta wa kurudisha karatasi. Waliokuwa chumbani walicheka. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akampa maji ya kunywa, akasema, "Hawatacheka mwingine kutoka hapa."

Kununua kompyuta mpya lilikuwa jambo la watu wengine. Yeye aliuza baadhi ya taipureta na kuanza kuokoteza vipande: sanduku la chuma kutoka ofisi iliyokuwa ikifungwa, skrini yenye ukungu pembeni, bodi na prosesa za mitumba kutoka maduka ya mjini. Aliiunga mwenyewe juu ya meza ya kulia chakula, kitabu cha kuazima kikiwa wazi mbele yake, mimi nikimshikia tochi. Ilipowaka na herufi zikatokea kwenye skrini, alikaa akaitazama tu. Mimi ndiye niliyepiga makofi.

Furaha hiyo ilikuwa ya asubuhi. Jua lilipopanda na mabati yetu yakaanza kutoa joto, kompyuta iliganda. Mshale ulisimama, herufi zikakataa kutoka, na kila kilichoandikwa kikapotea. Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata. Wanafunzi wakaanza kunung'unika. Mmoja alimwambia usoni, "Madam, hii mashine yako ni ya breakfast peke yake? Si afadhali tuende zile college za tao." Mwalimu akawaomba wasikimbilie mjini, wamsubiri hadi Jumatatu. Kama Jumatatu ingeganda tena, kila mmoja angekuwa huru kwenda, naye angefunga mlango arudi Kitui. Alisema hivyo bila kuinua sauti, nami nilijua hatanii.

Jumamosi tulikwenda Makina, kule Kibera, kwa fundi wa redio aliyekuwa akitengeneza pia vipaza sauti vya misikiti. Mwalimu alikuwa ameifunga ile kompyuta kwa leso yake ya kujifunga kiunoni na kuibeba mgongoni, kwa sababu hakuniamini mimi kuibeba mikononi; mimi nilipewa skrini. Fundi alikuwa mzee wa pale pale, kofia kichwani, mwenye maneno mengi. Alikiri kwamba hajawahi kufungua kompyuta. "Lakini joto ni joto," akasema. Akaing'oa ile feni ndogo pamoja na kile kipande cha alumini chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akapapasa chini yake kwa kidole. "Ona, Madam. Hapa ni pakavu kabisa. Hii chuma na hii ingine unaona zimelaliana, lakini hazijashikana. Katikati kuna hewa. Moto wa huku haufiki kwa feni." Akatoa tyubu ya dawa nyeupe, nzito kama samli iliyoganda, aliyokuwa akipaka kwenye transista za amplifaya ili zisiungue.

Akaipaka kwa ukarimu wa mtu anayemkaribisha mgeni. Alipobana feni juu yake, dawa ikafurika pande zote.

"Fundi, hii si nyingi sana?" Mwalimu akauliza.

"Wacha ishibe."

Tuliiwasha pale pale, jua likiwa la mchana. Haikuchukua muda ikaganda. Fundi akavua kofia, akajikuna kichwa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, na kwa mara ya kwanza nikamwona amechoka: mabega yameshuka, mikono imelegea mapajani. Nilidhani atasema twende nyumbani. Badala yake akauliza, polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Kama shida ni ile nafasi katikati, si tunajaza nafasi tu? Mbona tumeweka dawa nene kama godoro?"

Fundi akamtazama, kisha akacheka hadi akakohoa. Wakafuta dawa yote kwa pamba na spiriti hadi vyuma vikang'aa. Safari hii Mwalimu alipaka mwenyewe: tone dogo kama punje ya mchele, akalisambaza kwa ukingo wa kadi ngumu hadi ikabaki ngozi nyembamba tu. Wakabana feni. Tukaiwasha, tukaagiziwa chai, tukazungumza habari za watu na bei za vitu, na kompyuta ikaendelea kufanya kazi hadi adhana ya alasiri. Fundi alikataa malipo. Alisema naye amejifunza.

Lakini Gatina haikuwa Makina. Chumba cha darasa kilikuwa na paa la mabati matupu, na hata dawa ilipofanya kazi yake, feni ilikuwa ikipuliza hewa ya moto. Kwa hiyo Jumatatu Mwalimu akatandika magunia juu ya paa, akayamwagia maji. Majirani walitoka. Ilikuwa wakati wa shida ya maji, watu wakipanga foleni na mitungi tangu alfajiri. Mama mmoja, mfua nguo kutoka mkoa wa Magharibi, alisimama mlangoni akiwa na hasira za haki. "Mwalimu, sisi tunatafuta maji ya kupikia, wewe unanywesha mabati?" Nilitarajia ugomvi. Mwalimu alishuka kwenye ngazi, akasema, "Umesema ukweli, mama. Basi nipe yale umeshafulia." Alasiri hiyo yule mama alileta beseni la maji ya povu, akalisukuma ndani kwa mguu. Baadaye wengine nao wakaleta, ingawa si wote; wapo waliosema hadi mwisho kwamba yule mwalimu ana kichaa. Paa lilinuka sabuni mwaka mzima. Kompyuta haikuganda siku hiyo, na darasa halikuhama.

Yule msichana aliyechekwa alirudi kwenye usaili kwingine na akaajiriwa. Ndiye aliyenipigia simu nikiwa kibandani.

Mwalimu aliongeza kompyuta nyingine, zote za kuunga mwenyewe. Kila shule zilipofungwa, alizifungua moja moja, akapangusa vumbi la feni kwa brashi ya rangi, akafuta dawa iliyokauka na kupaka nyingine. Wanafunzi wa baadaye hawakujua kwamba kompyuta inaweza kuganda kwa joto, na kwa sababu hawakujua, hawakuwa na sababu ya kumshukuru. Kisha zikaja saiba za intaneti kila kona, zikaja kompyuta za mapajani, zikaja simu. Darasa likapungua hadi likaisha. Nilimsindikiza siku aliyohama kurudi Kitui. Nilimuuliza kama anaumia kuondoka. Akasema, "Nimechoka tu. Lakini si kuchoka kubaya." Sijui kama alisema hivyo kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Nilimuuliza yule karani kama mazishi yalihudhuriwa. Alisema wanafunzi wa zamani walikuwa yeye na mwenzake mmoja tu. Simlaumu mtu, Kitui ni mbali na kazi zina wenyewe. Ila nimekuwa nikifikiri juu ya jambo hili wiki nzima. Tunawakumbuka wanaozindua na tunawakumbuka wanaobomoa. Anayetunza hatumwoni, kwa sababu kazi ya kutunza ikifanywa vizuri, hakuna kinachotokea: mashine haigandi, mtoto haugui, mtaro hauzibi. Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijasikia methali kuhusu aliyeuziba.

Basi, msomaji wangu, mambo yakikuendea sawa, uliza ni nani anayeyafanya yaende sawa, na umwambie asante akiwa bado anakusikia. Nilijaribu mwenyewe jana. Nilimsimamisha mama anayesafisha ngazi za jengo letu, ambazo kwa miaka yote sijawahi kuteleza juu yake, nikamshukuru. Akaweka ndoo chini, akanitazama kwa wasiwasi.

"Kwani," akaniuliza, "ni nini imeharibika?"