Bunduki ya Akulina na Grisi ya Serikali

Hakuna mtu wa kijijini kwetu aliyeshangaa Akulina Krivoshapkina alipoingia kantini ya shamba la serikali bila kugonga mlango na bila kuvua kofia. Ilikuwa Novemba, na kipimo cha ukutani nje kilisoma nyuzi arobaini na tatu chini ya sifuri. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa sleji, gari la kuteleza thelujini linalovutwa na kulungu, kutoka bonde la juu la Mto Tompo, na alikuja kuchukua kitu kimoja tu, bunduki yake.

Bunduki hizo zilikuwa za jeshi. Vita vikuu vilipokwisha, nchi ilibaki na bunduki nyingi kuliko askari, na baadhi zikaletwa huku kwetu kwa wafugaji wa kulungu na wawindaji. Akulina alipewa yake mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Mume wake, Innokenti, alidhani mwenye kuibeba angekuwa yeye. Akulina akamwambia, "Wewe unapika chai nzuri. Kila mtu abaki na anachokiweza." Tangu siku hiyo mume alipika chai mpaka alipofariki, na mke akalinda kundi dhidi ya mbwa mwitu kwa miaka thelathini na mitatu.

Kisha, mwaka 1994, shamba likavunjwa. Kiangazi cha mwaka huo ikaja amri kwamba silaha zote za shamba zikusanywe, zikaguliwe, na wenyewe wazipate baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Mbwa mwitu hawakungoja ukaguzi. Walimlia Akulina kulungu kumi na mmoja huku akiwafukuza kwa kugonga birika kwa mwiko. Kundini walibaki kulungu thelathini na wanane, na baridi kali ilikuwa bado mbele.

Ndani ya kantini, bunduki ishirini na sita zilikuwa zimelazwa juu ya meza ndefu ya kulia chakula. Nyuma ya meza alikaa Kapteni Gleb Rastorguyev, kijana wa mjini aliyetumwa na wilaya, na daftari mbele yake. Pembeni alisimama Zakhar, mtunza stoo wetu, mtu asiyeweza kunyamaza.

"Shangazi, umekonda," alisema Zakhar.

"Na wewe umenenepa. Kulungu wangu wanaliwa na mbwa mwitu au na wewe?"

Kapteni akakohoa. "Mama, nimekwisha kuona yako kwenye daftari. Samahani, haitarudi. Inakwenda kuyeyushwa."

"Imekosa nini?"

Kapteni akageuza bunduki nyingine yenye kasoro ileile na kuonyesha boliti, kile chuma cha nyuma ambacho mpigaji hukivuta na kukisukuma ili risasi iingie. Juu yake palikuwa na namba iliyokatwa kwa mstari, na chini yake namba nyingine. "Hapa mtu amechezea namba. Sheria inasema silaha iliyochezewa namba iende tanuruni."

"Aliyechezea ni jeshi lako," alisema Akulina. "Baada ya vita walizifungua zote kiwandani, wakazisafisha, wakazifunga tena. Boliti ya hii ikaingia kwenye ile. Wakakata namba ya zamani, wakagonga ya mtutu mpya. Linganisha na mtutu, utaona zinafanana. Baba yako alikuwa hajazaliwa."

"Baba yangu alizaliwa mwaka 1944."

"Basi alikuwa ananyonya."

Zakhar akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Kapteni akawa mwekundu masikioni. Nadhani hapo ndipo alipotaka kumwaibisha.

"Haya. Unasema unazijua sana." Akachukua vipande vya gazeti, akafunika namba zote. "Nionyeshe yako. Ukikosea, unarudi nyumbani na hatuongei tena."

"Na nikipatia?"

"Tutaona."

Akulina akavua glavu. Hakuzigusa bunduki mara moja. Alitembea kando ya meza akiwa ameweka mikono mgongoni, kama mtu anayechagua samaki. Bunduki zote zilikuwa fupi, za mwaka 1944 na 1945, na zote zilikuwa na alama ileile ya pembetatu yenye mshale ndani. Hiyo ni alama ya kiwanda tu, haimtambulishi mwenye bunduki.

Kapteni akaisogeza moja mbele kidogo, kana kwamba kwa bahati. Kitako chake kilikuwa na michongo kumi na tisa iliyopangwa vizuri. "Nimeambiwa umewaua mbwa mwitu wengi," alisema.

Akulina hakuitazama mara mbili. "Hiyo ni ya mgeni. Sisi hatuhesabu wanyama kwenye mti wa bunduki. Ni kujisifu, na wanasikia. Ukijisifu, msimu ujao unarudi mikono mitupu."

Akaendelea mpaka ya kumi na saba. Akaweka kidole gumba chini ya mtutu, mahali singe, kile kisu cha mtutuni, ilipokuwa imefungwa zamani. Wafugaji wengi waliikata singe kwa msumeno kwa sababu ilinasa kwenye vichaka. Akalipapasa lile kovu la msumeno taratibu.

"Hii. Nilikata mwenyewe, msumeno ukavunjika katikati, ndiyo maana pamepinda. Na tangu nimekata, inapiga kulia, kiganja kizima kwa hatua mia. Sijawahi kukirekebisha kilengeo. Ni rahisi zaidi kurekebisha jicho."

Kapteni akaondoa gazeti, akalinganisha na daftari. Namba ilikuwa ya Akulina.

"Kuijua si kosa wala si ruhusa," alisema hatimaye. "Wezi pia huzijua bunduki. Hayo ya kulia na kushoto ni hadithi."

"Basi twende nje, mwanangu, nikusimulie."

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika uani, wengi wao wakiwa na bunduki zao kwenye meza ileile. Zakhar alipima hatua mia moja, akatundika kifuniko cha ndoo kwenye nguzo ya uzio. Nyuma yake ulikuwa ukingo mrefu wa theluji. Kapteni alitaka kuanza. Akapakia risasi kwenye bunduki ya Akulina, akalenga vizuri kama walivyomfundisha, akavuta kifyatulio.

Ikalia *tak*, sauti ndogo ya uvivu, na risasi haikutoka. Akajaribu risasi nyingine. *Tak.*

"Imekufa," alisema. "Mnaona? Chuma chakavu."

Akulina akamgeukia Zakhar. "Nani alipaka grisi?"

Zakhar akatazama viatu vyake. "Amri ya wilaya, Shangazi. Silaha zote zipakwe grisi nzito. Niliwaambia huku inaganda. Wakasema amri ni amri."

"Na ukapaka."

"Nikapaka. Zote."

Ungesikia jinsi ua mzima ulivyoguna. Kwetu mtoto wa miaka saba anajua kwamba kabla ya theluji ya kwanza boliti huoshwa kwa mafuta ya taa mpaka ikauke kabisa. Akulina aliitoa boliti, akaingia nayo jikoni, akaiosha, akaifuta kwa kitambaa cha pamba, akarudi na kumpa kapteni bunduki.

"Sasa lenga katikati. Usinisaidie."

Kapteni akapiga. Theluji ya ukingoni ikaruka upande wa kulia wa kifuniko. Akapiga tena, palepale. Hakuwa mpigaji mbaya. Risasi zake mbili zilikaribiana sana.

Akulina akaichukua. Alipiga goti, akaelekeza mtutu kushoto, hewani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kifuniko kikalia, kikazunguka kwenye msumari wake. Akapiga mara ya pili, kikaanguka.

Watu hawakushangilia. Walimtazama kapteni.

"Nimeona," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini namba imekatwa, Mama. Sina mamlaka. Nikikuachia wewe, nitawaambia nini wengine? Ishirini na moja kati ya hizi zina namba zilizokatwa."

"Waambie ukweli. Kwamba jeshi lilizikata."

"Nirudishie bunduki."

Akulina akaifuta kwa mkono wa koti lake, akaivaa mgongoni. Kisha akaingia kantini, nasi tukaona dirishani akiinama juu ya daftari. Aliandika polepole, kwa mwandiko mkubwa wa shule ya bweni, kwenye mstari wenye namba yake: *Nimeichukua. Akulina Krivoshapkina, bonde la juu. Anayeitaka anifuate.*

Alipotoka, kapteni alikuwa amesimama kati yake na sleji. Hakuwa na silaha mkononi, na sidhani alitaka kuwa nayo. Akulina alimpita kwa upande, kama mtu anavyopita kisiki, akaketi, akashika hatamu.

"Shangazi," Zakhar aliita, na safari hii hakuwa akitania. "Mle ndani mna ya marehemu kaka yangu. Nayo imekatwa namba."

Akulina akawatazama watu wa uani, mmoja baada ya mwingine. Tayari wawili walikuwa wameanza kuuelekea mlango wa kantini.

"Toeni grisi kwanza," alisema, akawaswaga kulungu wake.