Makosa Thelathini na Manane ya Kurithi

Milka Ajambo alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne sayansi ilipomwarifu kwamba hana akili. Habari yenyewe haikuwa mpya. Mumewe, Vitalis Ogutu, alikuwa amemwambia hivyo kwa miaka kumi na mitano, tena bila kuhitaji rula wala daftari.

Lakini Januari ile ya 1976 jambo hilo lilikuwa zito kuliko kawaida. Binti yao Nafula alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba na kuitwa kidato cha kwanza. Barua ilitaka afike shuleni Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Vitalis alikuwa wakala wa kupitisha mizigo pale Malaba, mtu aliyeweza kuvusha lori lolote mpakani mradi makaratasi yake yawe na mihuri. Karo haikuwa shida kwake. Shida yake ilikuwa ya kitaalamu.

"Akili ni damu," alisema. "Mtoto wa kike huchukua ya mamake. Hii ya kufaulu mara moja ni bahati. Sasa nipeleke damu yako shule ya upili ikanitie aibu?"

"Na Truphena?" Milka aliuliza. "Si damu ni moja?"

Hapo Vitalis alikohoa. Truphena alikuwa pacha wa Milka. Walifanana kiasi kwamba baba yao mwenyewe aliwaita wote kwa jina moja, ili angalau asikosee kila mara. Mama yao aliugua walipokuwa na miezi minne, wakagawanywa. Truphena alichukuliwa na shangazi aliyeolewa na katekista mjini Busia, akavishwa viatu, akasomeshwa hadi ualimu, na sasa alifundisha shule ya msingi Chakol. Milka alipelekwa kwa nyanya kule Rukala, ambako mto Nzoia ulifurika ukaondoka na darasa lake la pili, na hakuna aliyeona haja ya kulifuata; sasa alipikia madereva wa malori pale Malaba. Ukoo ulisema Truphena alizaliwa na kichwa, Milka na mikono. Eti mgawanyo huo ulifanyika tumboni, wala viatu havikuhusika.

Ndipo Daktari Josphat Makokha alipowasili kutoka Nairobi akiwa na gari dogo, mizani, na kitabu cha maswali sitini. Alikuwa akitafuta pacha wa yai moja waliolelewa katika nyumba tofauti. Damu yao, alieleza, ni ile ile. Yale waliyotofautiana yangetokana na malezi, na yale waliyofanana, na urithi. Kwa Milka maneno hayo yalikuwa bora kuliko mahubiri ya mwaka mzima. Mwalimu na mpishi wakionekana kuwa na kichwa kimoja, Vitalis angesema nini tena juu ya damu ya Nafula?

Daktari aliwapima kwanza viungo. Wote walikuwa na mwanya mmoja, alama moja chini ya sikio, kicheko kimoja kinachopanda kama ngazi. Truphena alimzidi mwenzake urefu kwa kiganja kasoro kidogo, jambo ambalo mtu angeweza kulihusisha na njaa aliyokulia nayo Milka kule Rukala. Daktari aliandika kuwa rula ilikuwa na hitilafu.

Jumatatu akampima Milka akili. Alimfanyia mtihani katika hoteli yake ya mabati, saa sita mchana, ili mama awe katika mazingira aliyoyazoea. Mazingira hayo yalikuwa na madereva ishirini wenye njaa.

"Mama, ugali wangu uko wapi?"

"Wewe ni ugali na matumbo, mwenzako wa lori la chumvi ni samaki, taniboi wako ni chai bila sukari. Keti, Emuron, inakuja."

"Mama, tafadhali tazama kitabu," Daktari alisema.

Milka alitazama. Alikuwa hajashika penseli tangu mafuriko. Swali la saba lilikuwa na picha ya piano, akaichukua kuwa jeneza la tajiri. Swali la kumi na moja lilikuwa na watu wakiteleza juu ya theluji, akahuzunika kuona unga mwingi vile ukikanyagwa. Alipata ishirini na mawili. Nyama iliungua.

Jumanne jioni Truphena alikuja kutoka Chakol kulala kwa dada yake, kwa kuwa zamu yake ilikuwa kesho yake.

"Amekuuliza nini, mukhwana?" alisema. Hivyo ndivyo pacha huitwa kwao.

Lazima tueleze desturi, maana Daktari hakuieleza. Kwao pacha hawazidiani. Mmoja akipewa mnofu, wa pili hupewa unaolingana. Mmoja akisifiwa mbele ya watu, wa pili husifiwa papo hapo, la sivyo aliyeachwa nyuma atadhoofika na kufa. Desturi hiyo ilisimamiwa kwa ukali mkubwa kuhusu nyama na blanketi. Kuhusu shule, kwa sababu zisizojulikana, ilinyamaza. Truphena, mwalimu mwenye cheti na mwimbaji wa kwaya, asingekubali mbele ya wanafunzi wake kwamba anaiamini. Usiku wa kuamkia mtihani hakuwa mbele ya wanafunzi wake.

Basi Milka alimsimulia maswali yote sitini na majibu yake, akichora maumbo kwa kidole juu ya unga. Jumatano Truphena akajibu vilevile, moja baada ya jingine. Alijua piano ni nini, maana walikuwa nayo chuoni. Aliandika jeneza.

Daktari alisahihisha mara tatu. Kisha akatoka nje, akarudi, akatangaza matokeo palepale hotelini, mbele ya sufuria na madereva.

"Ishirini na mawili, na ishirini na mawili! Sikilizeni: hata makosa ni yale yale, yote thelathini na manane. Makosa yamerithiwa! Mmoja kasoma miaka kumi na mitatu, mwingine miwili, na shule haikuongeza hata alama moja. Ni urithi mtupu."

Mtu mwingine angejiuliza wanawake wawili wanawezaje kurithi jeneza moja. Daktari hakuwa mtu mwingine. Alishaanza kufikiria jinsi makala yake yatakavyoonekana yakipigwa chapa.

Vitalis alisimama. Hakuwahi kuonekana mwenye furaha namna ile tangu forodha wapate mkuu mpya.

"Mama Nafula, umesikia mtaalamu? Mwalimu na mpishi, ni sawa tu. Kumbe shule haina kazi! Mtoto abaki hapa akusaidie sufuria."

Kabla ya kipimo, damu ilikuwa mbaya kwa hiyo mtoto asisome. Baada ya kipimo, damu ilikuwa kila kitu kwa hiyo mtoto asisome. Nafula, aliyekuwa akiosha sahani, aliendelea kuosha ile ile moja.

Milka alimvuta dada yake nyuma ya jiko.

"Mwambie umeniiga."

"Nikupite mbele ya madereva wote hawa? Unataka nikuzike?"

"Ulinipita ulipovishwa viatu, Truphena. Mbona sijafa?"

Truphena alilia, lakini hakwenda. Asubuhi Milka alipanda lori hadi Busia peke yake, akamkuta Daktari kwenye nyumba ya wageni akifunga mizigo.

"Daktari, dada yangu alijibu ya kwangu. Mimi ndiye nilimwambia."

Daktari alicheka kwa upole wa msomi. "Mama, ni maswali sitini. Uliyaona mara moja."

"Fungua kitabu."

Akaanza. La kwanza, miduara mitatu, mmoja una shimo. La pili, mshale unaotazama chini, na majibu yake manne, kushoto kwenda kulia. Daktari alifuata kwa kidole, kwanza akitabasamu. Kwenye swali la ishirini tabasamu liliondoka. Kwenye la thelathini na tano aliketi juu ya sanduku. Milka alifika la sitini bila kuruka hata moja.

"Nani alikufundisha kukumbuka hivi?"

"Nani angenifundisha? Madereva wanataka chakula."

Mtu angetegemea Daktari afurahi. Mbele yake alikuwa na kitu ambacho kitabu chake hakikuwa na swali la kukipima. Alisikitika. Jozi yake bora kuliko zote ilikuwa imeharibika, na kipimo cha damu kilikuwa kimepima desturi.

"Niandikie karatasi," Milka alisema. "Useme nina akili."

"Siwezi. Fomu haina nafasi hiyo."

"Basi sema lile la jana ni uongo. Na ugonge muhuri."

Kwa hilo fomu ilikuwa na nafasi. Aliandika kwamba majibu ya pacha hawa hayafai kutumika kuthibitisha jambo lolote, akagonga muhuri mara mbili.

Vitalis aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, akaigeuza nyuma, akakagua mihuri dhidi ya mwanga kama anavyokagua ya malori. Ilikuwa halali.

"Hii haisemi mtoto ana akili."

"Wala haisemi hana, baba Nafula. Mtihani wake ndio unaosema."

"Tungoje basi wataalamu wamalize."

"Wewe ngoja," Milka alisema. "Shule haingoji."

Jumatatu iliyotajwa katika barua ya shule, madereva walikuta hoteli haina moto. Milka na Nafula walikuwa wameondoka na sanduku la bati alfajiri. Vitalis alikuwa amesimama mlangoni akijaribu kukisia nani hula matumbo na nani samaki, na alikuwa amekosea mara nane mfululizo.

"Boss, mama ameenda wapi?" aliuliza Emuron.

"Nimempeleka msichana wangu shule ya upili," Vitalis alijibu, akinyoosha kola. "Kichwa chepesi sana yule. Amekitoa kwa upande wetu."