Mayai ya Mti wa Kahawa

Jirani yangu wa hapa juu ya Tengeru hufuga njiwa wanaopiga sarakasi angani. Kila asubuhi huwarusha, kisha husimama kwenye migomba, shingo nyuma, mdomo wazi, akiwatazama wakijipindua kinyumenyume kuelekea paa. Anayewahi kuinuka kabla ya kulifikia paa humtenga azae. Anayechelewa, yule anayenusurika kujibamiza kwenye bati, humshika jioni, humpapasa kifua taratibu kwa kidole gumba, halafu huenda naye nyuma ya banda. "Ukimwacha azae, na watoto watajiua," husema. Supu hutuletea sisi, yeye hainywi.

Lakini yupo jike wa kijivu aliyegonga bati mpaka akavunjika bawa, na hadi leo anadunda bandani. "Mzee, huyu mbona humchinji?" nilimuuliza. Alinitazama kama nimemtukana. "Huyu, Mama Kaanaeli alimtafunia mahindi, akamlisha kwa mdomo wake."

Mama Kaanaeli ni mkewe. Tulimzika masika haya, kaburi likijaa maji.

Basi jike hachinjwi, lakini kuzaa pia haruhusiwi. Kila akitaga, mzee huyaondoa mayai na kumwekea mengine aliyoyachonga kwa mti wa kahawa. Kwanza huyafumbata viganjani mpaka yapate joto, ndege asishtuke. Jana nilimkuta ameinama mlangoni mwa banda. Jike alikuwa ameyalalia yale ya mti, ametulia kabisa, na mzee anamnong'oneza: "Bado kidogo, mama. Watatoka tu."