Kila Baada ya Siku Kumi na Tisa

Katika idara ya maji alikofanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Hakiki, na hawakuwa wakimsifu. Kazi yake ilikuwa kupokea namba walizoleta wasoma mita kila mwezi, kuziingiza kwenye lahajedwali la kompyuta, kisha kuzisaka zile zilizopikwa. Msoma mita mvivu huketi kivulini akajaza karatasi nzima bila kufunua kifuniko hata kimoja, na Hakiki alimjua mtu wa namna hiyo kabla hajamtia machoni. Anayebuni namba huogopa kuirudia. Akishaandika thelathini na nne, ataikwepa ukurasa mzima. Namba za kweli hazina aibu hiyo, hujirudia zipendavyo, hata mara mbili mfululizo. Kwa kipimo hicho kimoja Hakiki alikuwa amewaumbua watu kwa miaka kumi na minne, na chakula cha mchana alikula peke yake.

Ubaya wa kazi kama hiyo ni kwamba huwezi kuivua mlangoni pamoja na viatu. Ilimfuata mpaka nyumbani, ikamfuata mpaka kwa mama yake.

Mama alikuwa na presha. Aliishi kwa kaka yake Hakiki, dereva wa lori anayeshinda barabarani wiki nzima, kwa hiyo mwenye kumtunza hasa alikuwa mke wa kaka, fundi cherehani aliyeweka mashine yake sebuleni. Nesi alikuwa ameagiza mama apimwe kila asubuhi kwa kile kimashine cha kufunga mkononi, wafuatilie zaidi namba ya juu, na ikivuka mia moja na sitini wasikae nayo nyumbani. Kimashine alikinunua Hakiki. Kila siku kabla ya saa mbili wifi yake alimtumia namba kwenye simu: mia moja thelathini na mbili, mia moja ishirini na tisa, mia moja ishirini na nne. Zilikuwa namba nzuri. Kwa Hakiki zilikuwa nzuri kupita kiasi.

Akazifungulia lahajedwali, tarehe safu ya kwanza, presha safu ya pili. Alijiambia ni kwa ajili ya daktari.

Wiki ya tatu haijaisha, machale yakamcheza. Hakuna namba iliyokuwa imejirudia hata mara moja. Presha ya mwanamke wa miaka sabini na moja, anayekula vilevile na kulala palepale, inawezaje kuruka huku na huku bila kukanyaga mahali pamoja mara mbili? Akapiga simu, akauliza juujuu tu mama anapimwa mkono gani. Wifi akasema wa kushoto. Baada ya siku tano akauliza tena, na wifi, baada ya kusitasita, akasema wa kulia. Hakiki akakata simu akiwa na uhakika kwamba kimashine kiko kabatini na namba zinatungwa juu ya cherehani.

Hakumwambia mtu. Alivuta subira mpaka mwezi wa pili wa kupima ulipokaribia kuisha, kisha akanakili safu ya presha, akaiweka nakala kando ya safu yenyewe na kuisukuma chini siku moja moja. Akalinganisha, akasukuma tena. Alipofika siku ya kumi na tisa, safu mbili zikalingana kutoka juu hadi chini. Akaandika fomula fupi, kila siku ichukue namba ya siku kumi na tisa zilizopita, akaiuliza kesho itakuwa ngapi. Ikamjibu mia moja thelathini na nne. Asubuhi simu ikalia, na namba ilikuwa mia moja thelathini na nne.

Kwa dakika moja alifurahi kama anavyofurahi kazini, halafu akaogopa. Kama namba zilikuwa za kupika, basi kwa miezi miwili hakuna aliyejua presha ya mama yake, na daktari alikuwa akiandika dawa kwa kufuata uongo.

Hasira zote zikamwangukia wifi. Akakumbuka redio yake inayopigwa kwa sauti, akakumbuka anavyocheka ovyo, na kila alichokumbuka kikawa ushahidi. Siku hiyohiyo akaomba ruhusa kazini, akaandika kwenye kikaratasi namba aliyoipata kwenye fomula, mia moja ishirini na mbili, na kesho yake saa moja na nusu asubuhi akabisha hodi.

Wifi alikuwa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni. Alimkaribisha, akamuuliza mbona mapema hivi, kuna heri? Hakiki akajibu kwamba anapita tu, akachagua kiti ambacho angeiona mikono yake. Wifi akaendelea kushona suruali ya mtu. Simu ilikuwa pale pembeni, na wala hakuonyesha dalili ya kuinuka kwenda kumpima mtu. Hakiki akajiuliza: mwanamke huyu hana haya hata mbele ya macho yangu?

Ndipo kutoka chumbani, nyuma ya mlango uliorudishiwa, ikaja sauti ya mama, safi na ya mtu wa kazi: "Mia moja ishirini na mbili."

Wifi akainua mguu kwenye pedali, akaandika ujumbe, akarudi kwenye mshono wake. Simu ikatetema ndani ya mkoba wa Hakiki.

Alisukuma mlango. Mama alikuwa ameketi kitandani, mkanda umemkaza mkono, kimashine kikiwaka mapajani. Akageuza uso, lakini macho yalipita kando ya kichwa cha mwanawe.

"Nani? Mwanangu, siyo saa hizi." Alidhani ni wifi aliyeingia.

"Ni mimi, mama."

Hakiki akachuchumaa, akasoma kioo. Mia moja na themanini.

Akatazama kikaratasi mkononi, akamtazama mama, na swali lililomtoka lilikuwa la ofisini. "Kesho itakuwa ngapi, mama?"

Vidole vya mama vilichezea mpira wa kimashine. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa opereta wa simu kiwandani, akipokea kila simu iliyoingia na kuiunganisha na ofisi inayotakiwa, kila ofisi na namba yake ya ndani.

"Mia moja thelathini na moja," alisema. "Karakana. Keshokutwa mia moja ishirini na saba, stoo. Ukizitaka zote kumi na tisa nitakutajia."

Yaliyobaki aliyasema kwa sauti ya chini. Tangu mwanzoni mwa mwaka alikuwa haoni tarakimu, ukungu mtupu. Alimkataza mkaza mwanawe asiingie wakati wa kupima, eti akiingia presha inapanda. Macho yakijulikana watamnyang'anya hata kisu cha kumenyea vitunguu, watamshika mkono kwenda chooni, na yeye hajisikii kuumwa.

Hakiki akampima tena. Alibonyeza kitufe mwenyewe na kuhesabu pumzi zake. Mia moja na themanini, mara ya pili mfululizo. Kazini namba kama hizo angezipitisha bila kuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani namba iwe ya kupika.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka. Alikuwa amesikia yote.

"Wifi, nilidhani ni wewe," Hakiki alisema.

"Najua. Uliniuliza mkono mara mbili." Akainama, akavuta viatu vya mama chini ya kitanda na kuanza kumvalisha. "Mshike upande huo, twende hospitali. Kipandio cha pili cha ngazi pale nje kimevunjika, na mama haoni."