Foleni ya Pantoni Haiuzwi

Juzi kwenye foleni ya pantoni pale Pangani, binti aliyekuwa mbele yangu alikuwa akibishana na mwenzake kwa simu, spika wazi. Kwa maneno yao nikaelewa kwamba ametengeneza gemu la pantoni hiyohiyo, ameliweka mtandaoni, na watoto wanalicheza mpaka ughaibuni.

“Weka kitufe cha kulipia,” simu ilisema. “Mtoto akilipa kidogo tu, anaruka foleni. Wenzio wote wanakula hapo.”

Likaja gari lililobeba jeneza. Bila kuambiwa, sote tukasogea likapita. Binti akaishusha simu, akalitazama mpaka likaingia kwenye pantoni, kisha akairudisha mdomoni.

“Hapa wanaopitishwa mbele ni maiti na mgonjwa, na hawalipi. Kwenye gemu langu watalipia rangi ya gari, wakitaka. Foleni siuzi, ndugu yangu.”

“Utakufa maskini, shauri yako!”

“Basi siku hiyo nitapitishwa mbele,” akajibu, akacheka.

Nasikia wakubwa wanakaa vikao kujadili maadili ya biashara hizi za mtandaoni. Wangemwita huyu. Mimi nilikuwa nimeshakunja noti kiganjani, nikimvizia yeye huyohuyo aniuzie nafasi yake. Niliirudisha mfukoni polepole, asiione.