Nilimpa mgonjwa wa kisukari sahani ya peke yake, nusura nimuue

Wakuu, salaam kutoka Likasi.

Nimekaa kibarazani, mvua ya kwanza imelaza vumbi jekundu, akili inaelea tu. Ila haya yamenitokea mimi mwenyewe na sitayaongezea chumvi. Kutwa nzima nawakataza watu chumvi, itakuwa aibu.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hospitalini. Wengi hudhani kazi yetu ni kubandika picha za mboga ukutani na kusema "punguza sukari".

Kumbe unaingia majikoni mwa watu bila kupiga hodi. Mtu akinitajia chakula chake, mimi niliyezoea kuota mchana nishafika kwake. Naona sufuria, nasikia harufu ya samaki wa ziwa Tshangalele wakikaangwa. Mara nyingine mgonjwa ananiita mara mbili ndiyo nirudi ofisini.

Sasa, Papa Ilunga.

Dereva wa taksi-bus, ana kisukari, na kidonda mguuni kilichogoma kupona. Daktari wa upasuaji alishamwambia wazi: sukari isipotulia, mguu unakatwa. Dereva bila mguu, mnaelewa wenyewe.

Kwao wote wanakula bukari, yaani ugali, kwenye sahani moja. Nitajuaje kala kiasi gani? Nikamwambia mkewe, Mama Feza, ampakulie peke yake: bukari saizi ya ngumi, samaki, mboga za majani kwa wingi. Nikawachorea na mchoro. Nilijiona bingwa.

Wiki ya kwanza sukari ikashuka.

Ya pili ikashuka tena. Papa Ilunga alikuwa amekonda, macho yako mbali, nami nikasema daieti inafanya kazi. Kumbe nilikuwa nimelala.

Wiki ya tatu wakamleta amezimia, sukari iko chini kabisa. Vidonge vya kushusha sukari alikuwa anameza, chakula hali. Alipozinduka, akakataa kusema kwa nini.

Aliporuhusiwa, nikaenda kwao saa sita mchana.

Jua kali, mtaa kimya, mvuke wa bukari unapanda taratibu uani. Nilihisi nimeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Mama Feza na watoto wamezunguka sahani moja mkekani, hakuna anayeongea. Papa Ilunga yuko ndani peke yake, sahani yake imefunikwa, hajaigusa.

Nikamuuliza kulikoni.

"Mama Docta, mu hii nyumba sahani ya peke tulimupatiaka tu ndugu yangu mukubwa, wakati alikuwa na tibi, ugonjwa ya kifua. Akakufa. Sasa batoto banaogopa kunikaribia. Muzee Kabwe wa hapa pembeni, hakuyake tena kukula na siye. Weye ulisema nikule peke yangu. Miye nafungula sahani, bukari inakataa kupita."

Niliona aibu, wakuu.

Nikavua viatu, nikanawa mikono, nikakaa mkekani, nikamwita aje. Tukakubaliana: atakula na wenzake, matonge yake yahesabiwe, yakiisha abaki na mboga. Kazi ya kuhesabu akapewa Bibiche, binti yake wa mwisho.

Tonge la tatu tu, Bibiche akapiga kelele: "Papa, iyo ni kubwa, ni mbili!"

Watu wakacheka. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

Kidonda kilichukua miezi. Kidole kimoja kilikatwa, siwafichi. Mguu upo, na gari anaendesha.

Siku aliyokuja kliniki akitembea mwenyewe, nilimuuliza kama ninavyowauliza wote: jana ulikula nini? Akafikiri kidogo, akatabasamu.

"Nilikula na Mama Feza, na Bibiche, na batoto bengine. Na Muzee Kabwe, alirudia kwetu."

Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika chakula. Niliandika majina hayo yote.

Somo nililolipata: kabla hujagusa chakula cha mtu, uliza anakula na nani. Darasani hawakunifundisha hilo, au walifundisha nikiwa naota.

Haya, na kwenu je? Mtu akipakuliwa peke yake, watu wanaelewa nini? Niambieni leo leo. Kesho kuna mama mpya anakuja, na bado sijui anakula na nani.